Mkiandika medali, mtajeni na mwalimu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu mashindano ya dansi ya bale ya Kirusi nimeisoma mara mbili. Nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili limeitengea bale ukurasa mzima, kisha nikasikitika. Mwandishi wenu ameiandika kama yanavyoandikwa matokeo ya mbio: nani katwaa dhahabu, kazunguka mara ngapi, karuka juu kiasi gani. Walimu wa hao washindi, hakutajwa hata mmoja.

Mimi ni daktari wa mifupa, sasa mstaafu. Udaktari niliusomea Leningrad, mji ambao leo unaitwa St. Petersburg, nilikofika 1971. Sikuwahi kucheza bale, ila kwa miaka sita niliitazama kila nilipopata kopeki za tiketi, nikiwa nimebanana na wanafunzi wenzangu kwenye roshani ya juu kabisa ya ukumbi wa Kirov, ambao siku hizi umerudishiwa jina lake la zamani, Mariinsky. Kutoka kule juu nyuso za wachezaji huzioni vizuri. Unaona miguu, migongo, na mistari wanayoichora jukwaani.

Njia yangu ya kwenda maktaba ilipita barabara ya Zodchego Rossi. Ni barabara fupi, mita 220, upana wake mita 22, na majengo yake yana kimo cha mita hizo hizo 22. Hapo ndipo ilipo shule ya bale ya Vaganova. Madirisha yakiwa wazi ulisikia piano ikirudia kipande kilekile, mwalimu akikatiza, kisha piano tena tangu mwanzo. Nilijuana na bibi mmoja aliyewahi kupiga piano katika madarasa ya bale, jirani wa familia iliyokuwa ikinikaribisha chai. Yeye ndiye aliyenifunza kutazama. Aliniambia nisiukodolee mguu uliopaa, niutazame ule uliobaki chini, kwa maana huo ndio unaosema kama mtu amefundishwa au hakufundishwa. Nilipoanza kusoma nyonga na vifundo vya miguu darasani, nikaona bibi yule alikuwa amenitangulia.

Shule hiyo ilianzishwa 1738 kwa amri ya malkia Anna Ioannovna, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa Mfaransa, Jean-Baptiste Landé. Na hapa nimsahihishe mwandishi wenu: Marius Petipa, mtunzi mkuu wa dansi za bale ya Kirusi, hakuwa Mrusi wa kuzaliwa. Alizaliwa Marseille mwaka 1818 na akafika St. Petersburg 1847. Hata ile mizunguko 32 juu ya mguu mmoja, fuete mlizozisifu sana, ilifika huko na Mwitaliano, Pierina Legnani, aliyeicheza katika onyesho la Ziwa la Batamaji mwaka 1895. Wachezaji wa Kirusi walimchunguza mpaka wakaipata siri yake, na Matilda Kschessinska akawa Mrusi wa kwanza kuiweza.

Walichokifanya Warusi ni kuvipokea vya Wafaransa na vya Waitaliano, wakavichanganya na vyao, wakavipanga hatua kwa hatua ili mtoto avimeze bila kuvimbiwa. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya mwanamke mmoja, Agrippina Vaganova, aliyekuwa mchezaji mzuri lakini aliyeng'aa zaidi alipoacha kucheza. Kitabu chake cha misingi ya bale kilitoka 1934. Hebu hesabuni vizazi. Vaganova aliingia kundi la Mariinsky 1897, Petipa angali bwana wa jukwaa. Akamfundisha Marina Semyonova, aliyehitimu 1925, na Galina Ulanova, aliyehitimu 1928. Semyonova naye akafundisha Bolshoi, ukumbi mkuu wa bale wa Moscow, mpaka uzeeni kabisa, na mmoja wa aliowanoa ni Nikolai Tsiskaridze, ambaye mwaka 2013 alikabidhiwa uongozi wa shule ileile ya Zodchego Rossi. Tangu Petipa mpaka leo ni mikono michache tu iliyopokezana. Bale haiandikwi ikaeleweka kwenye karatasi pekee. Lazima mtu aliyeijua mwilini amshike mwenzake bega na kulishusha.

Mashindano yenyewe siyachukii. Yale ya Varna, Bulgaria, yalianza 1964, usiku, kwenye jukwaa la wazi katika bustani ya kando ya bahari, na Ulanova ndiye aliyeongoza majaji. Ya Moscow yakafuata 1969 katika ukumbi wa Bolshoi. Mchezaji Mikhail Baryshnikov alipata dhahabu Varna 1966, akapata tena Moscow 1969. Mwalimu wake, Alexander Pushkin, alikuwa mtu mpole asiyepiga kelele darasani, na ndiye huyohuyo aliyempokea Rudolf Nureyev akiwa na miaka 17, umri ambao shule nyingi zingemwambia kijana amechelewa. Vijana wawili wasiofanana kwa umbo wala kwa tabia, wote wakatoka mikononi mwa mtu mmoja! Pushkin alikufa 1970, mwaka mmoja kabla sijafika, na watu wa roshani yetu walikuwa bado wanamtaja kama jamaa yao. Mwaka 1974 Baryshnikov alipobaki Kanada akakataa kurudi kwao, jina lake likaacha kutajwa hadharani. Pale juu tulijua ni nani asiyekuwepo.

Mnamo Juni 1973 tuliyatazama mashindano ya Moscow kwenye televisheni ya bweni, tukiwa wengi hata wengine walikaa juu ya meza. Tuzo kuu ilikwenda kwa Nadezhda Pavlova, binti wa miaka 17 kutoka Perm. Alikuwa mdogo, mwepesi, na mguu wake ulipanda kana kwamba hauna uzito. Sisi wanafunzi tulipiga makofi. Kesho yake nilipokwenda kwa yule bibi, nikamkuta na swali moja tu: anafundishwa na nani? Jibu ni Lyudmila Sakharova, mwalimu aliyesifika kwa ukali. Na kwa nini mji wa mbali kama Perm uwe na shule ya namna hiyo? Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Leningrad ilipozingirwa, ukumbi wa Kirov na shule yake vilihamishiwa huko. Mwaka 1945 Ekaterina Geidenreich, mwalimu aliyetoka Leningrad, akafungua shule ya Perm. Miaka 28 baadaye ndipo ikaja ile tuzo. Mkiandika tuzo pekee, mmekata mti mkaonyesha tunda.

Sasa niseme kama daktari, maana hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwandishi wenu amemsifu mtoto wa miaka 12 kwa kucheza kipande cha mchezaji mkubwa. Katika mfumo wa Vaganova mtoto huanza akiwa na miaka kama 10 na husoma miaka minane. Mwanzoni hucheza ameuelekea ukuta, mikono yote miwili ikishika mti wa mazoezi, kwa mwendo wa polepole unaomchosha mtazamaji. Hata viatu vya kusimamia ncha za vidole huanza hivyo hivyo, mikono miwili kwenye mti. Miguu hugeuzwa nje kuanzia nyonga. Mtoto akiharakishwa, ataigeuza kwa nguvu kuanzia nyayo, na goti litalipa deni hilo. Mifupa ya umri huo bado ina sehemu laini zinazokua. Haijui kuna mashindano.

Nilimtibu binti mmoja wa miaka 13. Kwa miezi mingi alikuwa amefundishwa kipande kimoja tu cha mashindano, kila siku, hicho hicho. Mfupa wa pili wa wayo ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ule unaotokea kwa kurudiarudia uzito mahali pamoja. Alificha maumivu kwa wiki kadhaa kwa sababu tarehe ilikuwa imekaribia. Nilipomwomba anionyeshe zoezi la kwanza kabisa, la kukunja magoti taratibu na kuinuka, hakulijua vizuri. Alijua mizunguko. Mama yake alilia pale pale chumbani, na mimi nilikuwa na hasira ambayo haikuwa ya mtoto yule wala ya mama yake.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Mashindano mengine yatakuja, na mtaandika. Chini ya jina la mshindi ongezeni mstari mmoja: jina la mwalimu, shule, na miaka aliyosoma. Kama alicheza na mwenza asiyeshindania tuzo, maana mashindano mengi yanaruhusu hivyo, naye mtajeni, kwa kuwa ndiye aliyembeba binti juu ya kichwa chake usiku ule akashuka jukwaani bila medali. Na mwandishi wenu akipenda, anaweza kuanza na Perm. Niko tayari kumsimulia niliyoyaona.

Wako,
Daktari mstaafu wa mifupa