Mafundi, semeni ukweli sauti ikipotea kwenye kompyuta

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo linawaumiza sana wenye stationery na ofisi ndogo ndogo huku mitaani. Mtu ana kompyuta yake ya mezani inapiga kazi vizuri, ananunua monita nyingine anaichomeka kwa waya wa HDMI, sauti inapotea kabisa. Anabeba CPU mpaka kwa fundi, huko anaambiwa saundi kadi imekufa, au tupige Windows upya. Dada yangu kaambiwa hivyo hivyo, akalipa, na kazi za wateja zilizokuwa kwenye desktop zikafutwa zote. Inauma jamani.

Ukweli ni kwamba waya wa HDMI unabeba picha na sauti pamoja, kwahiyo Windows ikiona monita mpya mara nyingi sauti inaipeleka huko, na monita nyingi hazina spika. Spika zako ni nzima tu, zimechomekwa pale kwenye tundu la kijani ila hakuna kinachokuja. Weka maus kwenye alama ya spika chini kulia karibu na saa, bofya kitufe cha kulia, fungua setingi za sauti, palipoandikwa Output chagua spika badala ya monita, sauti inarudi hapo hapo. Kama bado basi angalia waya huko nyuma, kijani ndo spika, pinki ni maiki, watu wengi wanachanganya hapo.

Na wale wanaolalamika kwamba wakipiga simu kwa kompyuta muziki unashuka wenyewe, hiyo sio virusi. Windows imepangwa hivyo toka mwanzo, ukiwa kwenye simu inapunguza sauti nyingine kwa asilimia 80, na unaweza kuizima.

Kinachonigusa zaidi ni wanaosikia sikio moja. Baba mdogo wetu sikio la kushoto halisikii, akivaa hedifoni anakosa nusu ya mambo maana sauti nyingine zinatoka upande wa kushoto tu, kwenye mahojiano anamsikia mtu mmoja, mwenzake hamsikii vizuri. Kumbe kwenye setingi hizo hizo kuna mono, ukiwasha sauti zote zinakuja pande zote mbili, na ni bure! Vyuo vya kompyuta wanafundisha Word na Excel, hili hawaligusi kabisa, kwanini?

Ombi langu kwako mhariri, ukurasa wa teknolojia msijaze simu mpya tu kila wiki, wekeni na haya mambo kwa picha, hatua kwa hatua, watu wakate wabandike ukutani. Na nyie mafundi, mteja akija na CPU haina sauti muulizeni kwanza kama kabadilisha monita, kabla hamjafungua hata skrubu moja.

Msomaji wenu, Morogoro