YAH: MALALAMIKO KUHUSU UPINDE WA MAREHEMU BABA ULIOTOBOLEWA KARAKANANI KWENU

Kwa Meneja Mkuu,
Kupitia kwa Meneja wa Tawi, Tabora.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti ya kupokea mali ya mteja ili muiuze mnayajua kuliko mimi, maana mmeyachapa wenyewe nyuma ya stakabadhi. Sitayarudia. Nakuandikia kwa sababu ya yaliyonipata Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, kwenye kaunta ya tawi lenu.

Kijana wenu aliutoa upinde kwenye mfuko wa nailoni akaulaza kaunta. Nikaona matundu. Mawili juu ya kishikio, mawili ubavuni, na moja mbele, kubwa, lenye nati ya chuma ndani. Alipougeuza, unga wa mbao ukamwagika, wa kahawia, bado mbichi. Akaupuliza kwa mdomo, ukatawanyika, kisha akasema: "Mzee, hapo tumekuongezea thamani. Lipa kwanza laki na themanini na tano za vifaa, halafu tuendelee na mnada."

Thamani gani, Ndugu Meneja?

Ule ni upinde aina ya Kodiak wa kampuni ya Bear, uliotengenezwa Grayling, Michigan, Marekani. Ile sarafu ya shaba njano iliyozamishwa ubavuni ni ya pinde za miaka ya 1960. Mwaka 1978 kiwanda kilihamia Gainesville, Florida, na tangu hapo wakusanyaji wanazitafuta za Grayling kwa jina lake. Mkusanyaji halipii uwezo wa kurusha mshale. Akitaka kurusha, atanunua upinde mpya. Analipia upinde uliobaki kama ulivyotoka kiwandani: vanishi ileile, sarafu ileile, na yale maandishi madogo ya wino yaliyoandikwa kwa mkono, urefu inchi 60, nguvu ya kuuvuta ratili 45.

Sisemi kila kilichoongezwa ni uharibifu. Kilichofungwa kwa utepe kinabanduliwa, kikiacha gundi kidogo. Podo la zamani la kiwanda kilekile, likiuzwa pamoja na upinde, linaweza kuupandisha bei. Hata zile pinde za baadaye zilizotoka kiwandani zikiwa na nati zake ndani ya mbao, hakuna anayezilaumu, ndivyo zilivyozaliwa. Lakini tundu la keekee lililotobolewa karakanani Tabora haliondoki. Ukiliziba kwa kijiti na gundi, mishipa ya mbao imeshakatika, na mnunuzi ataiona kabla hajauliza bei. Na mmetoboa pale penye mkato wa kupitishia mshale, sehemu nyembamba kuliko zote za kishikio. Kisha mkapachika kifaa cha kulengea cha plastiki chenye pini za rangi, vidole viwili kutoka kwenye sarafu.

Na dalili nilikuwa nimeshaziona. Siku ile ya Mei nilipouleta, mpokeaji wenu aliandika "upinde wa 1953" kwa sababu ameona "Canada 1953" kwenye maandishi. Nilimwambia palepale kwamba hiyo ni habari ya hataza ya Kanada, yaani haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa huko, si mwaka wa kutengenezwa, na kwamba pinde nyingi za kampuni hiyo zimeandikwa hivyo. Akanijibu, "Sawa mzee." Orodha yenu ya mnada ikatoka na 1953. Mngemuuzia mtu uongo kwa jina la mali yangu.

Siku hiyohiyo niliandika kwenye stakabadhi, kwa mkono wangu: "Kisiongezwe wala kupunguzwa kitu." Mpokeaji akatia sahihi pembeni. Nimefanya kazi reli miaka 31. Mzigo ukiandikwa usifunguliwe, haufunguliwi, hata ukae Tabora stesheni wiki nzima.

Narudi kwenye ile Jumanne, maana usiku silali nikiikumbuka. Nyuma yangu kulikuwa na watu wanne kwenye foleni. Mimi nimeshika kaunta kwa mikono miwili. Unga unamwagika kwenye tundu la upinde wa baba yangu, ule aliopewa kwenye pori la Ugalla na mwindaji ambaye baba alikuwa akimfuatia nyayo za wanyama, ule ambao mama kila Ijumaa aliufuta kwa kipande cha kanga. Na kijana wa kumzaa mwenyewe anaupuliza kama vumbi la meza, mwingine unanirukia kwenye mkono wa shati. "Tumekuongezea thamani." Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Kijana naye akacheka. Nikauzoa ule uliobaki kwa kiganja nikautia kwenye bahasha ya ankara yenu. Ninao hadi sasa.

Tena mjibu hili. Mei mthamini wenu aliandika shilingi 1,400,000. Karatasi niliyopewa Jumanne, yenye mhuri wenu, inasema 550,000, sababu: "matundu kwenye kishikio." Karatasi ya pili, siku hiyohiyo, mhuri huohuo, inanidai 185,000 kwa "kuboresha." Mmeniboreshea nini ninyi wenyewe mlichokipunguzia 850,000?

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba mambo mawili tu: ankara ifutwe, na kijana yule aniombe radhi. Sasa nimeziweka karatasi zote mbili mbele yangu, na haitoshi. Nataka mnilipe 850,000 mlizozipoteza. Nataka upinde wangu urudi, na vifaa vyenu visifunguliwe na fundi wenu, asiuguse tena, nitamtafuta mtu mwenyewe. Nataka orodha ya mnada isahihishwe. Na radhi sitaki ya kijana peke yake. Meneja wa Tawi mwenyewe afike nyumbani Isevya amweleze mama yangu, yuko hai na ana akili zake timamu, anauliza kila siku upinde umeuzwa kwa nani.

Nawapa siku 14 tangu siku mtakayopokea. Zikipita kimya, sitadai tena 850,000, nitadai 1,400,000 kamili pamoja na gharama zangu, mbele ya mahakama, na malalamiko haya yatafika Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yakiwa na stakabadhi yenye maandishi yangu na sahihi ya mtu wenu. Hiyo 185,000 msiitarajie, silipi hata senti.

Nimeambatanisha nakala ya stakabadhi na za karatasi zenu mbili. Bahasha yenye unga sijaiambatanisha. Hiyo nitakuja nayo mwenyewe.

Wenu,
Mteja wenu,
Isevya, Tabora.