Kabla hujamlipia mzazi mashine za masikio huku Marekani, isome kwanza kadi yake ya bima

Ndugu mhariri, salamu kutoka Columbus, Ohio. Gazeti lenu tunalisoma huku kwenye simu kila asubuhi kabla ya kazi na najua wengi wanaolisoma wana mzazi anaishi nao huku au wako mbioni kumleta, kwa hiyo naomba nafasi niseme jambo moja la mashine za masikio, zile anazovaa mtu zimsaidie kusikia, na bima, maana limetumalizia hela nyingi nyumbani kwetu na sitaki limkute mwingine.

Mama yangu ana miaka 73. Alikuja 2009, akafanya kazi miaka 11 kwenye chumba cha kufulia mashuka cha nyumba ya kulelea wazee, zile mashine kubwa zinazonguruma kutwa nzima, 2020 akastaafu. Kwamba hasikii tulichelewa sana kujua na sababu ni kwamba wanangu wanaongea zaidi Kiingereza, sasa bibi yao wakimsemesha akakaa kimya sisi tunasema Kiingereza kinampita, akijibu kitu kingine kabisa tunasema kachoka. Mpaka siku moja mke wangu kamwomba kisu jikoni, Kiswahili kitupu, mama anamuuliza kitu gani, mke wangu akarudia kisu, mama tena kitu gani mwanangu, mara tatu. Mke wangu akaja sebuleni akaniambia mama hasikii. Niliona aibu kwa kweli, miaka mingapi tumekaa nyumba moja. Mpimaji alikuja kutueleza kwamba sauti nyembamba ndo zinaondoka mwanzo, herufi kama s, f, sh, ndo maana mjomba wangu mwenye besi akipiga simu wanaongea naye vizuri tu ila mwanangu wa miaka saba mama anamuona midomo inacheza tu.

Kipimo chenyewe hakikutusumbua. Medicare, ile bima ya serikali ya waliofika miaka 65, sehemu yake ya B inalipia kipimo cha masikio daktari akikiagiza, ukishamaliza kile kiasi cha mwaka unachotoa mwenyewe kwanza bima inabeba asilimia 80 na wewe 20. Na tangu 2023 unaweza kwenda kwa mpimaji bila barua ya daktari mara moja kila miezi 12, kama tatizo sio la ghafla. Shida inaanza mkishatoka kwenye chumba cha kipimo mkafika kaunta.

Pale kaunta tuliambiwa Medicare hailipii mashine za masikio, jozi ni dola 5,200. Na hawakudanganya! Sheria ya 1965 iliyoanzisha Medicare iliziacha nje mashine za masikio, pamoja na miwani ya kawaida na meno, na mpaka leo ziko nje. 2021 kulikuwa na muswada wa kuziingiza, ukapita Baraza la Wawakilishi mwezi Novemba halafu ukafia Seneti. Hii inaniuma mpaka leo maana bima hiyohiyo inalipia operesheni ya kupandikiza kifaa ndani ya sikio kwa mtu aliyepoteza usikivu kwa kiasi kikubwa, ila kile kidogo cha kuvaa nyuma ya sikio ambacho kingewatosha wazee wengi zaidi hailipii.

Lakini hakuna aliyetuuliza ni Medicare gani, na mimi sikujua kama kuna cha kuuliza. Kadi ya mama sio ile ya asili inayoendeshwa na serikali yenyewe. Ni sehemu C, yani kampuni binafsi inakuwa imechukua nafasi ya ile ya serikali, inatakiwa itoe yote ambayo ile ya serikali inatoa na juu yake inaruhusiwa kuongeza mafao yake, na nyingi zinaongeza meno, macho na masikio kwa sababu ndo wanachovutia wateja. Mama alijiunga mwaka aliostaafu kwa sababu jirani kajiunga. Kitabu cha mafao kinakuja nyumbani kila mwaka, kinene, tulikuwa tunakiweka kwenye droo.

Basi nikanunua. Walikuwa na mkopo wa matibabu wa miezi 12 bila riba, nikasaini palepale. Nawaomba hapa mnisome taratibu. Ile "bila riba" maana yake ni kwamba riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza ila inawekwa pembeni, ukimaliza deni lote ndani ya miezi 12 inafutwa, ukibakiza hata kidogo inakuangukia yote ya mwaka mzima, sio ya kile ulichobakiza. Mimi nililipa vizuri miezi kumi, kisha kazini wakapunguza masaa, mwezi wa kumi na mbili ukaisha nikiwa nimebakiza dola 400. Bili iliyofuata ilikuja na riba ya dola 740. Nilipiga simu nikabishana, mkataba wanao, sahihi ni yangu, na kwenye karatasi imeandikwa kweli, ila kwa maandishi ambayo mtu aliyetoka kuambiwa mama yake hasikii hakai akayasoma. Mjomba wangu yuko Tanga, mzee wa kustaafu, ndo alinitumia hela ya kumalizia. Hela kutoka Tanga kuja Marekani, fikiria.

Baada ya hapo kuna mama mmoja wa Kikongo tunasali naye, walipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku, akaja kanisani na mashine mpya masikioni. Nikamuuliza amelipaje. Akasema alipiga simu namba iliyoko nyuma ya kadi, akatamka neno moja tu, Swahili, wakamuwekea mkalimani bure, akauliza kadi yangu ina mafao ya masikio? Basi. Hajui Kiingereza na alipata jibu ambalo mimi nimesoma chuo hapahapa sikulipata. Nilirudi nyumbani nikatoa kitabu cha mama kwenye droo, ukurasa upo, dola 699 kwa kila sikio, mashine mpya kila baada ya miaka mitatu, ila lazima upitie kwa watoa huduma wa kwenye orodha yao. Kule tulikonunua hawamo. Kwa hiyo tungelipa 1,398, tulilipa 5,940 ukijumlisha riba. Na kurudisha haikuwezekana, mkataba ulitupa siku 45 tu na zilishapita zamani.

Ndugu zangu, piga hiyo simu. Usiulize tu kama wanatoa, maana "tunatoa" ina mambo mengi ndani yake. Uliza ni kiasi kwa sikio moja au kwa yote mawili, ni kila mwaka au kila miaka mingapi, uliza duka gani liko kwenye orodha yao karibu na wewe, uliza kama marekebisho baada ya kununua yamo au kila ukirudi unalipa tena, uliza ukipoteza moja inakuwaje (wazee wanapoteza, zinadondoka wakivua barakoa au kitambaa), halafu waombe wakutumie majibu kwa maandishi. Dukani nako omba bei ichanganuliwe, kifaa peke yake ni bei gani na huduma ni bei gani, maana bei moja kubwa inaficha vyote. Na muda wa kurudisha uandikwe kwenye risiti. Mama wiki mbili za kwanza alizivua akasema zinapiga mluzi na sahani zikigongana zinamuumiza, tukaacha tukidhani atazoea, kumbe ilikuwa turudi zikarekebishwe. Wengi wanaishia hapo, mashine ya maelfu iko kabatini.

Kama plani ya mzee, yani mpango wake wa bima, haina mafao ya masikio, dirisha la kubadilisha ni tarehe 15 Oktoba mpaka 7 Desemba kila mwaka. Ila msikimbilie plani kwa ajili ya masikio tu mkakuta daktari wake wa presha hayumo. Kila jimbo lina washauri wa Medicare wa bure ambao hawauzi bima ya mtu, nilikuwa siwajui, sasa nimewatumia mara mbili na walikaa na mimi kwenye simu karibu saa nzima.

Wale mnaojiandaa kumleta mzazi na hajawahi kufanya kazi huku, mjue Medicare haipo siku ya kwanza. Anatakiwa awe na makazi ya kudumu na akae miaka mitano mfululizo ndo aruhusiwe kuinunua. Kwa hiyo kama mzee ana shida ya masikio huko nyumbani, suala la hela ya mashine liwe kwenye mipango kabla ya tiketi.

Mwenye mtoto asiyesikia vizuri na yuko kwenye Medicaid, ile bima ya kipato cha chini, tafadhali usichangishe watu. Chini ya miaka 21 sheria ya nchi inailazimisha Medicaid ilipie kama mtoto anazihitaji, jimbo lolote. Watu wazima ndo inategemea jimbo. Nasema hivi kwa sababu nimeshawahi kuchangia mtoto kwenye grupu la WhatsApp na baadaye tukagundua kadi yake ingelipa kila kitu.

Kuna pia zile zinazouzwa madukani bila cheti, ziliruhusiwa kuanzia tarehe 17 Oktoba 2022, bei ni mamia ya dola badala ya maelfu. Ni za wenye miaka 18 na kuendelea ambao usikivu umepungua kidogo au kwa wastani. Mama yangu kapita hapo, kipimo kilionyesha, kwake zisingefaa, ila kuna mtu zitamfaa kabisa na anakopa elfu tano bure. Kapime kwanza tu, hasa kama ni sikio moja limeziba ghafla au linatoa usaha, hilo ni la daktari na sio la duka. Na wewe unayefanya kazi sehemu yenye ile akaunti ya matibabu inayokatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, hela hiyo inaruhusiwa kununua mashine na betri zake. Waliotumikia jeshi la huku, na vijana wetu wapo, waulize idara ya maveterani kabla ya kutoa senti, wanaostahili wanapewa mashine pamoja na betri.

Naomba gazeti lenu mfungue hata kona ndogo ya maswali ya bima, za huku na za huko, watu waulize na wenye kujua wajibu. Tunajadiliana mpira kila siku ukurasa mzima.

Mama sasa zimerekebishwa anazivaa toka asubuhi. Jumapili alimpigia simu mama mdogo Tanga, wakaongea wee, halafu alipokata akanigeukia akasema mdogo wangu kila nikimwambia kitu ananiuliza nini, nini. Nimemwandikia mtoto wa mama mdogo atoe kadi ya bima ya mama yake aangalie masikio yameandikwaje, na mimi nimeanza kuweka pembeni kidogokidogo. Bado hajanijibu.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio