Kabla hujauliza bei ya chenso, tuambie unakata mti gani

Juzi aliingia mzee mmoja dukani kwetu hapa Dodoma, viatu bado vina vumbi la barabara ya Kongwa. Salamu ya Kigogo, mbukwenyi, mbukwenyi, kisha hapo hapo: "Nataka chenso kubwa kuliko zote mlizo nazo." Tukamuuliza, mzee wetu, unakwenda kukata nini? Ana mikaratusi aliyoipanda mwenyewe, mingi yake unene wa paja la mtu mzima, na migunga inayomsumbua pembeni mwa shamba la uwele. Basi. Akaondoka na mashine ya saizi ya kati, na pesa iliyobaki akanunua cheni mbili za akiba, tupa na kofia yenye kinga ya uso na masikio. Nadhani aliondoka amenuna kidogo. Mwenye duka gani humzuia mteja asinunue kitu cha bei kubwa?

Tunafanya hivyo kwa sababu mashine ikishauzwa huwa inarudi kwetu, kwenye meza ya fundi. Na chenso nyingi zinazofika pale hazikuzeeka, zimekufa zingali changa. Ama haikuwa saizi ya kazi iliyopewa, ama mafuta yalichanganywa kwa kukadiria, ama ilikata miezi mitatu na cheni ambayo haijawahi kuonja tupa. Ukubwa wa injini haukuokoi na lolote kati ya hayo.

Hata hivyo tuanze na injini, maana ndiyo kila mtu anayoiuliza. Kwa kuni za nyumbani, kupunguza matawi na kusafisha shamba, mashine ya cc 45 hadi 55 yenye ubapa wa inchi 15 mpaka 18 inatosha. (Mafundi wengi ubapa huo wanauita baa, na mteja mgeni hudhani ametumwa kwingine.) Stihl MS 250 ni ya kundi hili: cc 45.4, kilowati 2.3. Ni nyepesi na haili mafuta sana. Lakini haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayeiwasha alfajiri na kuizima magharibi, Jumatatu hadi Jumamosi. Ukiipa kazi hiyo itaifanya, halafu siku moja itakoma.

Anayekata magogo kwa riziki apande hadi cc 60 na kitu, mpaka 75. Hapa ndipo walipo wakataji wengi wa kweli. MS 382 ina cc 72.2, kilowati 3.9, na kichwa chake bila ubapa na cheni ni kilo 6 na ushei. Husqvarna 372 XP ina cc 70.7 na iko daraja hilo hilo. Zinabeba ubapa wa inchi 20 hadi 25 bila kulalamika, na injini yake inafunguliwa na kukarabatiwa mara kadhaa kabla haijatupwa.

Juu ya hapo kuna wakubwa wa cc 90 na zaidi, kama MS 661 na Husqvarna 395 XP. Hizo ni za miti minene hasa, au za kupasua mbao. Wazee wa porini bado wanaiulizia Stihl 070, ile ya zaidi ya cc 100, na ninaelewa kwa nini: ina nguvu ya trekta na ni rahisi kuitengeneza. Ila inapita kilo 10 kabla hujafunga ubapa, na nyingi ya hizo za zamani hazina breki ya cheni. Kama kijana wako ndiye atakayeishika kutwa nzima, mfikirie na yeye.

Kuhusu stika za nguvu, fumbua macho. Mashine ya kitaalamu kama MS 362, yenye cc 59, hutoa karibu kilowati 3.5. Ukikuta mashine ya bei chee yenye cc 58 imeandikwa inatoa kilowati 4.5 au 5, jiulize hizo za ziada zinatoka wapi. Sisemi mashine za bei nafuu hazifai kabisa, na sisi tunauza. Mtu wa kukata kuni mara mbili kwa mwezi anaweza kukaa nayo vizuri. Ninachosema ni kwamba stika haikati mti.

Halafu kuna jambo ambalo aliyenunua mashine Dar es Salaam hakuambiwa. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kidogo, na injini yenye kabureta ya kawaida hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Ikitoka pwani huku itakuwa inapata petroli nyingi kuliko hewa: inatoa moshi, inasinzia, plagi inakuwa nyeusi. Fundi anarekebisha skrubu ya kabureta, kazi ya dakika chache. Hatari iko kwenye safari ya kurudi. Umeiseti ikiwa hapa, ukapata kazi mabondeni huko Morogoro au Handeni, ukaiwasha hivyo hivyo. Kule hewa ni nzito, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo, na petroli ndiyo iliyobeba oili ya kulainisha injini. Italia kwa sauti nyembamba nzuri, utaifurahia, na baada ya siku chache pistoni imechubuka na injini imenoki. Mashine mpya zenye kabureta ya kielektroniki hujirekebisha zenyewe, na kwa wanaohamahama na kazi, hiyo ni sababu tosha ya kuongeza hela.

Sasa cheni, ambayo watu huifikiria mwisho.

Miti ya kanda hii ni migumu na inakatwa ikiwa mikavu. Mgunga uliokauka shambani mwaka mzima unakaribia kuwa jiwe. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Lakini kinachoua makali ya cheni huku kwetu, kuliko hata mti wenyewe, ni udongo. Tazama shina lolote lililolala chini porini Manyoni au Chemba: mchwa wameshalipaka tope lao, na tope hilo lina mchanga. Msumeno ukipita hapo mara moja tu, makali ya asubuhi nzima yameisha. Chukua panga, gonga na kukwangua ule udongo mahali utakapokata. Kazi ya sekunde kumi. Vijana wanaona uvivu, halafu wanakesha wananoa.

Kwa hali hii sisi hatuwashauri wateja wengi kuchukua cheni yenye meno ya kona kali kabisa, ingawa dukani ndiyo inayong'aa na kwenye mti mbichi, msafi, ndiyo inayokimbia. Chukua ile yenye meno ya kona ya mviringo. Inakata polepole kidogo, lakini inavumilia vumbi na mti mkavu, na hata ikianza kuchoka bado inaendelea na kazi.

Kujua cheni imechoka hakuhitaji fundi. Tazama kinachotoka. Cheni kali inatoa vipande, kama maganda ya muhogo uliokwanguliwa. Ikianza kutoa unga laini kama dona, imekuwa butu, hata kama bado inakata. Dalili nyingine ni mkono wako: ukijikuta unaikandamiza mashine ili iingie kwenye mti, simama. Cheni kali inajivuta yenyewe. Kukandamiza kunapasha moto ubapa, kunamaliza kluchi, na kunamchosha mshikaji mpaka anafanya makosa.

Tupa nayo ina saizi yake. Cheni ya 3/8 ya kawaida (hiyo ni saizi ya viungo vya cheni, kwa inchi) inataka tupa duara ya milimita 5.2 au 5.5, kutegemea mtengenezaji wa cheni, ya .325 inataka milimita 4.8, ile kubwa ya .404 milimita 5.5. Unanoa kwa kusukuma upande mmoja, hurudishi tupa kama msumeno wa seremala, na kila jino linapata idadi ile ile ya misukumo. Vinginevyo mashine itakata kwa kupinda, na watu watasema ubapa ni mbovu. Baada ya kunoa mara kadhaa, angalia kile kinundu kilicho mbele ya jino. Kinapaswa kuwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Kikibaki juu, jino halifiki kwenye mti hata liwe kali kama wembe. Ukikishusha mno kwa hasira, mashine itaruka na kukurudia.

Wanaotaka kupasua mbao kwa chenso, cheni yao ni nyingine, inanolewa karibu nyuzi 10 badala ya 30 za kukatia gogo kwa kulikingama. Na wajue wanachopoteza. Mkato mmoja wa cheni nene unakula karibu sentimita nzima ya mti. Kwa mbao ya unene wa inchi moja, hiyo ni kama robo ya gogo lako imebaki chini ikiwa vumbi. Kwa gogo la mninga ulilolilipia, piga hesabu hiyo kabla hujaamua kati ya kupasulia porini na kulisafirisha hadi kwenye mashine ya mbao.

Mafuta. Chenso haina sampu ya oili kama pikipiki yako. Oili yake iko ndani ya petroli. Oili ya 2T tu, yaani ya injini za mipigo miwili, siyo ya bodaboda. Ukitumia 2T nzuri ambayo mtengenezaji wa mashine anaikubali, kipimo ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli. Kwa 2T ya kawaida, na kwa mashine nyingi za bei nafuu, ni 25 kwa 1, mililita 40. Kifuniko cha chupa siyo kipimo. Nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano la mililita 20, liweke kwenye boksi la spana. Bomba moja kwa lita, au mabomba mawili. Dumu la lita 5 linataka matano au kumi. Usichanganye ya zaidi ya mwezi mmoja, kwa sababu petroli iliyokaa inachacha na kuziba kabureta. Na ile oili chafu iliyomwagwa gereji, ambayo watu huiweka kwenye tangi la oili ya kulainisha cheni kwa sababu ni ya bure, ina chembe za chuma zinazotafuna pampu, tena inakurukia mikononi na usoni kutwa nzima.

Kiangazi, upepo wa Juni hadi Oktoba ukianza kubeba lile vumbi jekundu, filta ya hewa ifunguliwe kila siku ya kazi. Gonga taratibu. Ukitumia upepo wa kwa fundi wa matairi, puliza kutoka ndani kwenda nje na kwa mbali, maana tundu dogo kwenye filta ni sawa na kuinywesha injini mchanga.

Vibali tuviseme kwa kifupi, ingawa ndivyo vinavyowatia watu hasara kubwa. Kumiliki chenso siyo ruhusa ya kukata. Sheria ya Misitu, Sura ya 323, inataka leseni ya uvunaji na hati ya kusafirisha mazao, na miti kama mninga na mpingo ina masharti yake hata ikiwa imeota kwako. Pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya wilaya yako kabla hujanunua, uliza pia habari za kusajili mashine yenyewe. Sisi hatuwezi kukutetea kwenye kizuizi.

Na kama mpango wako ni kuuza kuni kwa mashule na magereza, usichukue mkopo wa mashine kubwa kabla hujaongea na wateja wako. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na mkakati wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania mwaka 2034. Kazi ya chenso bado ipo: nguzo, mbao, mikaratusi ya watu, miti inayoangukia mapaa mvua za Desemba zikianza. Lakini siyo ile ya miaka kumi iliyopita.

Ukija dukani, usije na jina la mashine kichwani tu. Njoo na kamba uliyozungushia mti wako mnene kuliko yote, uliyoifunga fundo pale zilipokutana ncha. Tutaigawa kwa tatu, tupate upana wa mti, na hapo tujue ubapa. Kama una chenso tayari na unatafuta cheni, ilete ile ya zamani hata kama imekatika, tuhesabu vile vijino vya chini vinavyopita kwenye mfereji wa ubapa. Inchi peke yake hazitoshi, kwa sababu ubapa wa inchi 20 wa kampuni moja na wa kampuni nyingine huweza kutofautiana vijino kadhaa, na cheni iliyokwisha kukatwa na kuungwa haturudishi. Kunoa tunafanya asubuhi. Jumapili fundi hayupo.