Kijana akipinda mdomo, apimwe VVU siku hiyohiyo

Mhariri,

Mzee wa miaka 70 mwenye presha akipooza upande mmoja, sababu haitafutwi mbali. Kijana wa miaka 32 akiamka mdomo umepinda, nyumbani husemwa kapigwa na upepo mbaya, na hospitalini mara nyingi hupimwa presha na sukari tu. Ni sawa kuvipima, kwani hata sukari ikishuka sana huiga kiharusi. Kinachosahaulika ni tone la damu ya kidole la kupima VVU, ambalo majibu yake hayazidi nusu saa.

Uso wenyewe una cha kusema. Mwambie mgonjwa akunje paji la uso, kisha afumbe macho. Nusu ya paji ikibaki laini na jicho la upande huo likagoma kufumba, ulioathirika ni mshipa wa fahamu wa uso, si ubongo. Hali hii huweza kutokea mapema sana katika maambukizi ya VVU, mtu angali na mwili wake, hata kikohozi hana. Siku hizo kipimo huweza kutoka hasi, hivyo kirudiwe baada ya wiki 6. Prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe wa mshipa huo, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, na usiku jicho lipakwe mafuta ya macho na kufungwa.

Paji likikunjika vizuri lakini mkono ukawa hauna nguvu, mkimbizeni hospitali kama mgonjwa yeyote wa kiharusi. VVU, kaswende, TB ya ubongo na virusi vya mkanda wa jeshi vyote huharibu mishipa ya damu ya kichwani.

Udhaifu ulioingia polepole kwa siku kadhaa, pamoja na homa, kichwa kuuma au kifafa kipya, huenda ni tokso (toksoplasma), kimelea kinachoshambulia ubongo kinga ya mwili ikishuka kwa VVU. CT scan iliyopigwa bila dawa ya mshipani ya kung'arisha picha huweza kuwapoteza wasomaji wake. Tiba ni septrini, ila si vile vidonge viwili ambavyo wenye VVU humeza kila siku kwa kinga: mgonjwa wa kilo 60 huhitaji karibu vinane vya miligramu 480 kwa siku, chini ya uangalizi wa daktari. Na ARV zisianzwe kabla ya kuhakikisha hana homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Akiwa nayo, ARV husubiri wiki 4 hadi 6 tangu aanze kutibiwa fangasi.

Tunaomba kipimo cha VVU kiandikwe kwenye fomu ya kila mgonjwa wa kiharusi aliye chini ya miaka 45.