Kinga ya homa ya ini A ipimwe kabla ya kuruta kuingia depo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo halitajwi sana vijana wanapoitwa kwenye mafunzo ya polisi, nalo ni homa ya ini aina ya A.

Nikiwa muuguzi katika zahanati ya kambi moja ya mafunzo, niliwahi kuletewa kuruta ambaye kwa siku nne alikuwa akibaki nyuma kwenye mbio za asubuhi, huku mwalimu wake akiamini kuwa anategea. Nilipoivuta kope yake ya chini karibu na dirisha, niliona weupe wa jicho umekuwa wa manjano, na mkojo wake ulifanana na chai ya rangi. Kilichonitia hofu zaidi ni pipa la maji nje ya bweni lao, ambalo kombania nzima ilichota kwa kopo moja lililofungwa kamba. Mgonjwa wa homa ya ini A hutoa virusi vyake kwa wingi katika choo kikubwa wiki mbili kabla ya macho kubadilika rangi, akiwa bado anakimbia na wenzake na kugawa chakula bwaloni. Na kwa kuwa dalili huweza kuchukua siku 15 hadi 50 kujitokeza, tunapomtenga yeye huwa tumekwisha kuchelewa.

Wengi wa rika langu waliambukizwa utotoni bila kujua, kwani mtoto wa chini ya miaka 6 mara nyingi haonyeshi dalili, kisha hubaki na kinga ya maisha. Kijana aliyelelewa kwenye maji safi na choo kizuri, jambo ambalo kila mzazi hulitamani, anaweza kufika depo bila kinga hiyo, na mtu mzima akiambukizwa ndipo huugua hasa, pengine kwa wiki nyingi. Wazazi wasijifariji kwa chanjo ya homa ya ini ambayo watoto wetu hupewa kliniki, kwa kuwa hiyo ni ya aina ya B na haizuii A.

Chanjo ya A ipo tangu miaka ya 1990. Ninaomba wahusika waongeze kipimo cha damu cha kinga hii katika uchunguzi wa afya wa kuruta, na asiye nayo achanjwe wiki kadhaa kabla ya kuripoti, akamilishe dozi ya pili baada ya miezi 6. Wapishi wa bwalo wasisahauliwe, wala sabuni na maji yanayotiririka mlangoni mwa kila choo.

Kuruta yule alipona, lakini mafunzo yalikuwa yamempita na akarudishwa kwao. Kamba ya kopo niliikata siku ileile. Pipa lilikuja kuwekewa koki baada ya wenzake watatu kuugua.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro