Nia ya katiba waulizwe pia wakulima

Mhariri,

Naomba nafasi niongee juu ya haya maneno ya "nia ya walioandika katiba" yetu ya Uganda, maanake kila kukiwa na kesi kubwa mawakili wanaivuta hiyo nia kila mtu upande wake na mimi naona kuna watu wamesahaulika kabisa.

Mwaka 1990 nilikuwa P7, darasa la saba la shule ya msingi. Tume ya Jaji Odoki ilikuwa inazunguka nchi kuuliza wananchi wanataka katiba ya namna gani, na baba yangu, mkulima wa kahawa huku mlimani, hakujua kuandika kwa hiyo akaniita jioni, tukachomoa karatasi mbili katikati ya daftari langu la hesabu, yeye anasema kwa Lumasaba mimi naandika Kingereza changu cha shule huku taa ya mafuta inatoa moshi. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba mtu akipewa kiti apewe na siku ya kukiacha. Nilipomaliza akataka nimsomee yote tena, akanikatiza mara mbili nirekebishe, halafu nikavunja kalamu yangu akapaka wino kwa dole gumba akaweka alama. Mwenyekiti wa RC, baraza la kijiji, akazipeleka ofisi ya gombolola, yaani ya kata. Ile tume ilipokea maoni zaidi ya 25,000, na ya mzee wangu yamo.

Sasa huko Marekani wanabishana juu ya katiba ya 1787, walioiandika walishakufa zamani sana, na majaji kama marehemu Antonin Scalia wakasema usitafute kilichokuwa kichwani mwa mwandishi, tafuta vile mtu wa kawaida wa wakati ule alivyoyaelewa yale maneno. Mimi hapo namuelewa. Lakini wao wanachimba makaburi, sisi katiba yetu ni ya 1995, wengi waliotoa maoni bado wanalima, na mijadala ya wale wajumbe zaidi ya 280 wa Bunge la Katiba waliokaa chini ya mwenyekiti wao marehemu Wapakhabulo, mtu wa huku kwetu Bugisu, iliandikwa na ipo.

Na mahakama zetu zinajua kurudi huko zikitaka. Mwaka 2009 kesi ya Susan Kigula, aliyekuwa amehukumiwa kifo, Mahakama ya Juu iliangalia wananchi waliiambia nini tume kuhusu adhabu ya kunyongwa. Halafu tarehe 26 Julai 2018 hukumu ya Mahakama ya Katiba kuhusu Bunge kuondoa kikomo cha umri wa rais ikasomwa hapa hapa Mbale, siku hiyo askari walijaa mjini, mimi niko dukani na redio, hukumu inasomwa kutwa nzima mpaka giza linaingia, wateja wanaingia hawanunui kitu wanauliza tu "wamesema nini, wamesema nini". Wabunge walikuwa wamejiongezea miaka miwili kwenye muhula wao, toka 5 mpaka 7, na majaji wakakataa, mwananchi aliwapa 5 na hakuulizwa. Tulishangilia! Lakini kile kikomo cha miaka 75 cha kugombea urais, majaji wanne kwa mmoja wakasema Bunge lina haki ya kukiondoa, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikakubali, wanne kwa watatu. Yaani kwa wabunge mwananchi alikumbukwa, kwa rais wakaangalia mamlaka ya Bunge.

Rafiki yangu mwalimu ananiambia nisome ibara ya 260, hao waandishi wenyewe waliorodhesha vitu ambavyo kuvibadilisha lazima kura ya maoni, 105(1) ya muhula wa rais wa miaka mitano wakaiweka, lakini 105(2) ya rais kukaa vipindi viwili tu na 102 ya umri wake wakaziacha nje, kwa hiyo nia yao ni kwamba Bunge liweze kuzibadilisha. Hapo ananibana kweli, sitadanganya. Jibu langu ni kwamba vipindi viwili na umri vilikuwa kufuli mbili za mlango mmoja, kimoja kikatolewa 2005 kingine 2017, na ukiangalia kila kufuli peke yake utasema hii ni ndogo tu, mlango hauuoni. Utangulizi wa katiba unataja historia yetu ya misukosuko ya kisiasa na kikatiba, watu walikuwa wametoka kwa Amin, wametoka kwa vita, hofu yao ilikuwa mtu anayekataa kutoka. Nia ndiyo hiyo hofu, na jaji aanze na swali hilo kabla ya kuhesabu theluthi mbili za Bunge zinazotakiwa kubadilisha katiba.

Ninachoomba ni yale maoni ya vijijini yachapishwe, kwa Kiswahili na lugha zetu, yawekwe kwa maktaba za wilaya watu wasome. Na kesi nyingine ikija, wakili yeyote anayetaka kujua nia, wa upande wowote, aje Mbale nitampandisha mlimani kwa mzee. Bado yuko na anakumbuka alichoniambia niandike.

Msomaji wako,
Mbale